Kamini hakuwa mtu

Kijana akija studio kwangu kurekodi, humwekea kwanza "Aayega Aanewala", wimbo wa filamu ya Kihindi ya Mahal ya 1949. Namwambia afumbe macho asikilize mwanzo tu. Sauti inatokea mbali, kama mtu yuko chumba cha mwisho cha jumba kubwa, kisha inasogea taratibu mpaka iko sikioni. Kila mmoja huuliza nimetia mwangwi gani. Sijatia kitu. Lata Mangeshkar, msichana wa miaka 20 hivi, alisimama kwenye kona ya chumba, maikrofoni ikiwa katikati, akaanza kuimba huku akiiendea kwa miguu. Ukifika kabla ya mstari wako kuisha umeharibu, na wapiga vyombo wote wanarudia nawe.

Kwenye skrini anayefungua mdomo ni Madhubala. Ndivyo picha za Kihindi zinavyotengenezwa: wimbo hurekodiwa kwanza, siku ya kupiga picha unafunguliwa kwenye spika, mwigizaji anafuatisha midomo. Basi santuri ilipotoka, jina la mwimbaji liliandikwa Kamini, yaani mhusika wa kwenye filamu! Wasikilizaji wakaandikia redio barua kuuliza huyo Kamini ni nani.

Naona ugomvi wote wa Lata wa baadaye una mzizi hapo, na nyumbani. Baba yake, Deenanath, alifariki 1942. Lata, hata miaka 13 hajatimiza, akabaki kulisha mama na wadogo wanne. Aliyeanza hivyo hasahau hesabu. Wimbo wake wa filamu ya Chori Chori ulipowapa watunzi Shankar na Jaikishan tuzo ya Filmfare, tuzo kubwa ya filamu za Kihindi, aligoma kuuimba kwenye hafla, kwa kuwa waimbaji hawakuwa na tuzo yao. Mwaka 1959 ikaanzishwa, na wa kwanza kuichukua akawa yeye.

Kisha mirabaha. Mohammed Rafi, mwimbaji mwenzake, aliona mwimbaji akishalipwa ujira wake, yamekwisha. Lata akataka chake kila santuri inapouzwa. (Niko upande wake, japo Rafi nampenda mno.) Wakakaa miaka kadhaa bila kuimba pamoja, na nyimbo nyingi za wawili Rafi akaziimba na Suman Kalyanpur, ambaye sauti yake inashabihiana na ya Lata kiasi kwamba wapo wanaoapa hadi leo kuwa anayeimba ni Lata.