Je, Wajua Kwa Nini Latvia Hutoa Pasipoti kwa Watu Wasio Raia Wake?

Mrusi aliyezaliwa Riga, mji mkuu wa Latvia, nchi iliyokuwa chini ya Umoja wa Kisovieti hadi 1991, na kuzeekea humo, anaweza kuwa na pasipoti ya zambarau, iliyotolewa na serikali ya Latvia, yenye maandishi jaladani kwamba mwenye nayo si raia. Si raia wa Urusi pia, wala wa nchi nyingine yoyote. Lakini si mkimbizi: anaruhusiwa kuishi humo maisha yake yote, na akipatwa na shida ugenini, ubalozi wa Latvia ndio unaomshughulikia.

Wengi hukimbilia jibu moja: amenyimwa uraia kwa kuwa ni Mrusi. Sivyo. Sheria haikuuliza kabila. Iliuliza kama wewe, mzazi au babu yako alikuwa raia tarehe 17 Juni 1940, siku majeshi ya Kisovieti yalipoingia. Wapo Warusi waliojibu ndiyo bila kusita. Wafuasi wa Imani ya Kale, Wakristo wa Kiorthodoksi wa Urusi, walianza kuhamia huko karne ya 17, wakikimbia mageuzi ya ibada ya Patriaki Nikon, mkuu wa kanisa la Urusi, na jumba lao la sala la Grebenshchikov mjini Riga lina historia inayoanzia 1760. Wajukuu wa jamii hizo za zamani walirudishiwa uraia mwaka 1991, Latvia ilipopata tena uhuru, kama Mlatvia yeyote. Mbelarusi au Mukraine aliyekuja kufanya kazi kiwandani miaka ya 1970 akaachwa nje, bega kwa bega na Mrusi waliyekuja naye. Hata hivyo, kigezo hicho hakikuangukia watu wote kwa uzito mmoja: katika sensa ya 1989 Walatvia walikuwa takriban asilimia 52 tu, Warusi asilimia 34, na wengi wa hao Warusi walikuwa wamekuja baada ya Vita Kuu ya Pili, au wamezaliwa na waliokuja.

Kiini chake ni kwamba Latvia ya 1991 haikujihesabu nchi mpya. Ilijihesabu kuwa ileile iliyojitangazia uhuru 1918, iliyokuwa imekaliwa kwa mabavu. Chukua nyumba iliyoporwa: mporaji anaikalia miaka hamsini, anapangisha vyumba, wapangaji wanazaa humo. Mwenyewe anarudi na hati yake ya zamani. Hamfukuzi mtu, ila jina la mpangaji halimo kwenye hati, hata kama hakuiba kitu na hana kwao kwingine. Anayetaka jina liingie afanye mtihani wa lugha na historia. Jirani Lithuania, yenye Warusi takriban asilimia 9, iliamua kuwafungulia uraia wakazi wote.

Katikati ya miaka ya 1990 watu hawa walikuwa takriban 700,000. Sasa hawafiki 200,000. Wengine walifanya mtihani, wengine walichukua uraia wa Urusi, wengi wamefariki. Tangu 2020 watoto wao huzaliwa raia. Kwa nini waliobaki hawakuomba? Hakuna sababu moja. Kuna wazee wanaoogopa mtihani wa lugha, na kuna wanaoona ni dharau kuomba uraia wa mahali walipozaliwa. Tena pasipoti ya zambarau ilikuwa na raha zake: vijana wake hawakuitwa jeshini, na tangu 2008 iliingia Urusi bila viza huku raia wa Latvia wakipanga foleni ubalozini.

Kura ndiyo hawana, hata ya diwani. Mreno aliyehamia Riga juzijuzi anaipiga hiyo ya diwani, kwa kuwa ni raia wa Umoja wa Ulaya.