Ukichafuka benki, si lazima uende kausha damu

Pitia Soko la Mbuyuni hapa Moshi utasikia: "Nimeshachafuka benki, nimebaki na kausha damu tu." Yaani rekodi yake ya mikopo imeharibika, kwa hiyo amebaki na mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Si kweli, na imani hiyo ndiyo inayowanenepesha wakopeshaji.

Rekodi mbaya hukwamisha mkopo mpya; haikuzuii kulipa wa zamani. Tuseme mama anadaiwa 300,000 benki, akakopa hizo hizo mtaani kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi ili alifunge deni la benki. Riba peke yake ni 60,000. Miezi 5 ikiisha ameshatoa 300,000, daftari limejaa saini za marejesho, na deni lenyewe liko palepale. Dhamana? Friji na sofa.

Afadhali amfuate afisa mikopo wa benki kabla hajatafutwa, aombe ratiba mpya ya marejesho. Aibu ya nusu saa, basi. Na akihitaji mkopo mpya, kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa) humpima mtu kwa hisa zake.

Akimaliza, adai barua ya kumaliza deni, kisha aombe taarifa yake kwenye kampuni ya taarifa za mikopo yenye leseni ya Benki Kuu. Ikiwa bado inaonyesha anadaiwa, barua hiyo ndiyo ushahidi wake.