Herufi nne kwenye lebo: daktari Weddell na mti wa kwinini

Katika kabati langu la kufundishia kuna chupa ndogo ya kioo yenye matunda makavu ya mti wa kwinini, yaliyotoka Kivu, mashariki mwa Kongo, ambako mti huo bado unalimwa kwa ajili ya dawa. Lebo yake ina majina mawili. La kwanza, Cinchona ledgeriana, limekatwa kwa mstari. La pili, chini yake, ni Cinchona calisaya Wedd. Wanafunzi wa famasia ninaowafundisha dawa zitokanazo na mimea huniuliza kila mwaka kwa nini jina moja limekatwa, na herufi hizo nne za mwisho ni za nani. Ni kifupi cha jina la daktari Hugh Algernon Weddell, aliyeueleza mti huo kisayansi na kuupa jina, na leo nawajibu kwa urefu.

Weddell alizaliwa Uingereza mwaka 1819, akalelewa na kusomeshwa Ufaransa, akahitimu udaktari mjini Paris mwaka 1841. Siku hizo daktari hakuwa na budi kuifahamu mimea, kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa zake ilikuwa mizizi, majani na magome. Weddell aliipenda kuliko kazi yake ilivyomtaka. Mwaka 1843 aliondoka na msafara wa kisayansi wa Ufaransa ulioongozwa na Francis de Castelnau kwenda Amerika Kusini. Baada ya kupita Brazili, mwaka 1845 aliachana na wenzake akashika njia ya Bolivia na Peru, kwa sababu alikuwa amekabidhiwa swali moja kubwa: mti unaotoa gome bora la kwinini ni upi hasa?

Homa ya malaria ilikuwa ikitibiwa kwa gome hilo tangu karne ya 17, na mwaka 1820 wanakemia Pelletier na Caventou walifaulu kutoa kwinini yenyewe ndani yake. Tatizo ni kwamba magome yalifika Ulaya bila majani, bila maua na bila matunda. Wafanyabiashara walijua kuwa gome la manjano liitwalo calisaya ndilo lenye kwinini nyingi, wakalinunua kwa bei ya juu, lakini hapakuwa na mtaalamu wa mimea aliyekwisha kuueleza mti wenyewe. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alikwisha kuipa jenasi, yaani kundi la spishi zenye uhusiano wa karibu, jina la Cinchona mwaka 1742. Hata hivyo, ndani ya jenasi hiyo na kwa majirani zake imo miti mingi inayofanana mno, na mingine haimsaidii mgonjwa wa malaria kwa lolote.

Hapa ndipo ninapolitoa tunda chupani. Mti wa kwinini ni wa jamii moja na mbuni, na ukoo huo unajulikana kwa majani yanayoota mawili mawili yakielekeana. Tunda lake, tofauti na la buni, ni ganda kavu la takriban sentimita moja. Linapokomaa hupasuka kuanzia chini, kwenye kikonyo, mpasuko ukapanda hadi karibu na ncha, ambako vipande viwili hubaki vimeshikana. Ndani mna mbegu bapa zenye utando mwembamba kama bawa, nyepesi kiasi kwamba pumzi ya anayezitazama huzipeperusha, ndiyo maana nawaomba wanafunzi wazibe pua kwa kiganja kabla ya kuinama. Kuna miti mingine iliyouzwa kwa jina la kwinini ambayo tunda lake hupasuka kinyume, kutoka juu kwenda chini. Mtaalamu wa mimea Endlicher alikuwa ameiona tofauti hiyo mapema. Weddell ndiye aliyeifanya kuwa mpaka kamili, akaitenga miti hiyo katika jenasi ya Cascarilla, ambayo leo inaitwa Ladenbergia.

Mengi kati ya aliyoyajua aliyapata kwa wakataji wa magome, wanaoitwa cascarilleros kwa Kihispania, katika misitu yenye mvua ya miteremko ya mashariki ya Andes. Watu hao walipanda mlimani, wakautazama msitu kutoka juu, wakautambua mti wautakao kwa rangi ya majani yake na namna yanavyochezacheza. Waliuangusha, wakalitwanga gome hadi tabaka la nje libanduke, wakakausha vipande chini ya uzito ili vinyooke, kisha wakavifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe iliyojikaza ilipokauka. Hata kuvunja gome ilikuwa elimu: nyuzi za calisaya ni fupi, nazo huvunjika kama sindano ndogo zinazochoma vidole. Weddell alilikata gome hilo vipande vyembamba akavichunguza kwa hadubini, na alipochapisha kitabu chake kikubwa juu ya miti ya kwinini mwaka 1849, alieleza kwa sayansi kile ambacho vidole vya wakataji vilikwisha kukijua. Napenda pia kwamba jina alilolipa spishi hiyo ni calisaya, lile lile lililokuwa likitumika huko huko.

Ukataji huo ulimtia wasiwasi, kwa kuwa kila mzigo wa gome ulikuwa mti ulioangushwa. Mbegu alizorudi nazo ziliota katika bustani ya mimea ya Paris, na miche yake ilikuwa miongoni mwa ile ya kwanza kufika Java, iliyokuwa koloni la Waholanzi. Lakini baadaye Waholanzi walizidisha spishi nyingine, Cinchona pahudiana, wakapanda zaidi ya miti milioni moja kabla ya kukiri kwamba gome lake halina kwinini ya maana. Nikitaka kueleza kwa nini jina sahihi la mti ni jambo la uhai na kifo, mfano wangu ni huo.

Hakuandika juu ya kwinini peke yake. Alirudi Bolivia mwaka 1851, akaichambua mimea ya nyanda za juu za Andes, akawa pia bingwa wa jamii ya mimea inayowasha, ile ile ya thabai wa milima ya Kenya. Polylepis tomentella wa Bolivia na Espeletia schultzii wa Venezuela wote wana herufi zake. Aliyepanda Kilimanjaro akaona zile senesio kubwa zilizovaa majani yake makavu angeshangaa kuiona Espeletia: ni wa jamii moja, ya alizeti, na baridi ya usiku imewafikisha kwenye umbo linalokaribiana. Weddell alifariki Poitiers mwaka 1877.

Kuhusu jina lililokatwa: mwaka 1865 Manuel Incra Mamani, Mwaymara wa Bolivia aliyeijua miti hiyo vizuri sana, alimpatia Mwingereza Charles Ledger mbegu zilizozaa mti wenye kwinini nyingi kupita yote, uliokuja kuyajaza mashamba ya Java. Mamani alikamatwa kwa kutoa mbegu, akapigwa, akafa; mti ukapewa jina la Ledger. Mwaka 1998 mtaalamu wa mimea Lennart Andersson alipoipitia upya jenasi nzima, aliona kuwa ledgeriana haitofautiani na calisaya kiasi cha kuwa spishi yake yenyewe. Nilichukua kalamu nikapitisha mstari juu ya jina la Ledger. La Mamani halikuwahi kuwepo kwenye lebo hiyo, kwa hiyo nimeliandika kwenye karatasi nyingine na kulibandika nyuma ya chupa.