Moshi wa Jioni na Mbu Wasiokoma

Pita uswahilini Dar es Salaam mwendo wa saa kumi na mbili jioni, hasa msimu wa masika, utauona moshi kabla hujaiziona nyumba. Taka za siku nzima zimekusanywa uani: maganda ya ndizi, chupa za maji, nepi, kipande cha godoro. Zimetiwa kiberiti. Ukiuliza, unapewa sababu mbili kwa pumzi moja, kwamba gari la taka halijapita, na kwamba moshi unafukuza mbu.

Kazi yangu ni afya ya mazingira. Mitaani naitwa bwana afya, ingawa mimi ni mwanamke, na nimeshazoea. Kwa miaka mingi sababu hizo mbili nilizijibu mbalimbali, leo nikisema habari za moshi, kesho za mbu. Sasa nazijibu pamoja, kwa sababu rundo linalochomwa ndilo hilo hilo linalofuga mbu na panya.

Tusidanganyane, moshi unafukuza mbu kweli. Wazee walifukiza majani ya mwarobaini na kivumbasi, na hawakuwa wajinga. Lakini moshi haumuui mbu, unamhamishia kwa jirani, na moto ukizimika anarudi. Anayebaki na moshi ni mtoto aliyelala chumbani. Chembe zinazotuumiza zaidi zina upana usiozidi mikromita 2.5, wakati unywele mmoja wa binadamu una kama mikromita 70. Pua haiwezi kuzichuja. Zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu, na ndiyo maana moshi unahusishwa na magonjwa ya moyo na kiharusi, si kikohozi peke yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza cha chembe hizo, kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa.

Plastiki ina lake la ziada. Bomba chakavu au waya wa umeme ukichomwa hutoa dioksini, sumu isiyoisha upesi. Hutua kwenye udongo, kuku wa kienyeji akaudonoa, nasi tukala yai. Na wale mnaowashia jiko la mkaa kwa kipande cha mfuko wa plastiki kwa sababu mafuta ya taa yamepanda bei, moshi wake nao ni sumu, tena puani kabisa.

Wengine wataniambia wao hawachomi taka, wanawasha dawa ya mbu ile ya kijani iliyozungushwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima moshi wake ukakuta kwamba dawa moja ikiungua yote hutoa chembe ndogo sawa na za sigara kati ya 75 na 137. Kama lazima uiwashe, iwe barazani, si chumbani mlikofunga madirisha.

Sasa tumfuate mbu mwenyewe. Kutoka yai mpaka kuruka anachukua kama siku saba hadi kumi, na siku zote hizo anaishi majini. Dawa ya kupuliza angani inaua waliokuwa wanaruka saa ile. Viluwiluwi walio kwenye pipa hawana habari nayo, na baada ya juma moja mnatupigia simu kwamba dawa ilikuwa feki. Haikuwa feki, ililenga pasipo.

Mbu wa dengi, aliyetusumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimpati. Hataki dimbwi chafu, anapenda maji safi ya kwako: ndoo, pipa, tairi, sahani iliyo chini ya kopo la maua. Mayai yake anayabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji yapande. Kwa hiyo kumwaga peke yake hakutoshi. Kila juma mwaga, sugua kuta kwa brashi, kisha jaza na ufunike.

Yule anayelia sikioni usiku ni mwingine. Huyo huzaliana kwenye mashimo ya vyoo na makaro, na pwani yetu ndiye aliyesambaza matende na mabusha. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga kwenye vyoo vya shimo vyenye maji punje nyepesi za plastiki nyeupe, za aina inayofungashiwa televisheni. Zikaelea na kuufunika uso wa maji, viluwiluwi wakakosa hewa, majike wakakosa pa kutagia. Pamoja na dawa za matende walizomeza wananchi, mbu walipungua sana na ugonjwa nao ukashuka. Hakuna moshi uliowashwa. Siku hizi pia kuna viuadudu vya bakteria vinavyotengenezwa Kibaha kwa teknolojia ya Kuba. Vinaua viluwiluwi majini na havimdhuru binadamu.

Panya naye hahitaji maelezo marefu: anafuata chakula. Ukichoma rundo, juu panaungua, chini panabaki mabaki na joto, naye anarudi usiku. Mwaka 2022 watu waliugua na wengine kufariki huko Lindi kwa maradhi ambayo Wizara ya Afya ilitutangazia kuwa ni homa ya mgunda. Mkojo wa wanyama, panya wakiwamo, ndio unaoyaeneza kupitia maji na udongo.

Kinachoninyima usingizi hasa ni sumu. Mnamjua yule wa kipaza sauti, “dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto!” Chupa yake haina lebo, na akishageuza kona humpati tena. Kibaya zaidi ni vidonge vya kuhifadhia nafaka, ambavyo watu huviweka chini ya godoro kuua kunguni. Vikipata unyevu hutoa gesi ya fosfini. Nyumba zetu nyingi zina vyumba sita na korido katikati, kuta hazijafika kwenye paa wala dari hakuna. Unaweka sumu chumbani kwako na kwenda kulala kwa shangazi, gesi inapita juu ya ukuta hadi kwa mpangaji wa pili aliyelala na wanawe. Fosfini haina dawa ya kuipinga. Mkisikia harufu kama ya vitunguu saumu au samaki aliyeoza, tokeni wote nje, mkimbilie hospitali na kuwaeleza ni dawa gani. Kunguni wanakufa kwa maji yanayochemka yakimwagwa kwenye chaga na maungio ya kitanda. Ni kazi ya kurudiarudia, inachosha, lakini haijaua jirani.

Masika iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja kuja kupuliza dawa. Sikupuliza. Tulizunguka na mama mwenye nyumba, tukawakuta viluwiluwi wamejaa kwenye kifuniko cha pipa kilichobonyea, kifuniko alichokinunua ili kuzuia mbu. Tulicheka wote. Akakigeuza. Maganda tukayafukia nyuma ya mgomba, chupa zikaenda kwenye gunia la kijana anayeziuza kwa kilo. Nepi tulizifunga kwenye kiroba na kukitundika panya asipofika.

Nilirudi Jumanne iliyofuata. Kivumbasi kilikuwa kimepandwa kwenye kopo dirishani, kopo limetobolewa chini, na uani hapakuwa na majivu mapya. Kiroba cha nepi kilikuwa kimekuwa viwili. Gari la taka lilikuwa bado halijapita.