Neno la mtoto mahakamani linavyopimwa

"Una miaka mingapi? Unasali wapi? Unajua kiapo ni nini?" Hakimu anauliza taratibu, na mtoto wa miaka minane anajibu huku ameshikilia pindo la sketi yake. Halafu anasema: "Naahidi kusema ukweli, sitasema uongo." Kwa ahadi hiyo tu anaanza kutoa ushahidi. Tangu Sheria ya Ushahidi ya Tanzania irekebishwe mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 si lazima aape. Zamani hakimu alitakiwa kwanza kumpima uelewa, na kesi nyingi zilianguka kwenye rufaa kwa sababu kipimo hicho hakikufanyika sawasawa.

Mimi ni wakili wa serikali hapa Moshi. Wazazi wakifika ofisini, swali ni lilelile: "Hakuna aliyeona, tutathibitisha vipi?" Makosa ya kujamiiana hayatendwi katikati ya soko la Mbuyuni, na sheria inalijua hilo. Mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli tupu na ikaandika sababu za kuridhika.

Kuridhika huko si jambo jepesi. Mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hana hatia; shaka ya msingi ikibaki, anaachiwa, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mahakama huangalia kama maelezo ya mtoto yanashikana, kama yanalingana na ya mama na daktari aliyejaza PF3, yaani fomu ya polisi ya uchunguzi wa kitabibu, na kama alimtaja mtuhumiwa mapema. Akichelewa kumtaja, inauliza kwa nini. Mtoto aliyetishiwa kuchinjwa ana sababu, lakini lazima aiseme.

Hapa ndipo sisi watu wazima tunapoharibu. Usiku wa kuamkia kesi, shangazi anamkalisha mtoto na kumkaririsha maneno ya kitabibu. Kesho yake wakili wa utetezi anauliza kwa upole, "Nani alikufundisha kusema hivyo?" Mtoto, kwa kuwa ameahidi kusema kweli, anajibu: "Shangazi." Nimeshuhudia hilo, na liliniuma, kwa sababu halikuwa na haja yoyote. Mahakama Tanzania zinaelewa kwamba mtoto aliyelelewa kwa adabu anaweza kusema "alinifanyia tabia mbaya". Muache aseme kwa lugha yake.

Lingine ni kuyamaliza kifamilia. Jani la sale lina heshima kubwa Uchagani, na aliyeombwa radhi kwa sale ni vigumu kukataa. Lakini sale halifuti jinai. Linachofanya ni kumfunga mtoto mdomo, na siku ya kesi anasimama kizimbani akiwa kimya.

Mtoto akikueleza alichofanyiwa, msikilize bila kumuongoza. Usimwogeshe, usifue nguo zake. Nendeni siku hiyohiyo Dawati la Jinsia na Watoto polisi mpewe PF3, kisha hospitali. Simu 116 ya msaada kwa watoto ni ya bure.

Tafuta pia cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, kuthibitisha umri wa mtoto. Mtu mzima akibaka mtoto wa chini ya miaka 10, adhabu ni kifungo cha maisha. Mtoto akiwa na miaka 10 au zaidi, kifungo si chini ya miaka 30. Hati ya mashtaka ikisema tisa na mama akasema "kama kumi hivi", utetezi hauachi mwanya huo upite.