Ethanoli na maji havichemki kwa zamu

Wanaotuletea maabara sampuli za ethanoli, kile kilevi kilichomo kwenye pombe, husema utadhani wamefundishwa na mtu mmoja: "Ethanoli inachemka nyuzi 78, maji 100. Nimepasha moto hadi 78, ethanoli ikatoka yote, maji yakabaki chini." Nimechoka kulisikia.

Maji yenye ethanoli asilimia 10 huanza kuchemka nyuzi 90 na ushee. Hiyo 78 utaisubiri mpaka kesho. Mvuke wake wa kwanza umebeba vyote viwili, na karibu nusu yake ni maji. Kukeneka mara moja, yaani kuchemsha na kuupoza mvuke uwe kioevu tena, kunaongeza kiasi cha ethanoli, basi. Ukitaka zaidi, unakeneka tena na tena, au unafunga safu ndefu iliyojazwa shanga za kioo, ambamo mvuke hupanda, hupoa ukawa kioevu, kisha huchemka upya njiani. Hata hivyo utagonga mwamba kwenye asilimia 95.6 kwa uzito. Hapo mvuke na kioevu vina uwiano ule ule, na mchanganyiko unachemka nyuzi 78.2, chini kidogo ya ethanoli tupu. Koleza moto utakavyo, huvuki. Maji yaliyosalia huondolewa kwa njia nyingine, mathalani chembe za zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno, hapa vya angstromu 3 (angstromu moja ni sehemu ya milioni kumi ya milimita): molekuli ya maji inaingia, ya ethanoli inakwama nje.

Dhana hiyo ya kuchemka kwa zamu imezaa nyingine kwa wanaokeneka pombe, na hii inaua: "Mwaga matone ya kwanza, methanoli imekwisha." Methanoli, alkoholi yenye sumu, huchemka karibu nyuzi 65, ndiyo, lakini haitoki yote mwanzoni, inaendelea kutoka pamoja na ethanoli. Kumwaga kikombe cha kwanza hakufanyi kinachofuata kifae kunywewa.

Na jamani, ncha ya kipimajoto ikae usawa wa tawi linaloelekea kwenye kondensa (bomba la kupozea mvuke), isizamishwe kwenye kioevu. Mabishano mengi kuhusu 78 yangeishia hapo.

Makosa mengine ya kutenganisha vitu nayapitia haraka. Karatasi ya kuchujia haizuii chumvi iliyokwisha kuyeyuka, hata maji yang'ae vipi. Kukausha mmumunyo mpaka chombo kikauke kabisa hakukupi fuwele safi, maana uchafu ulioyeyuka nao umebaki humo humo. Punguza maji, poza taratibu, kisha chuja fuwele kabla majimaji hayajaisha. Na doa moja kwenye kromatografia ya karatasi, ambako kiyeyushi hupanda kwenye karatasi kikitenganisha vitu? Badilisha kiyeyushi kwanza, ndipo uje uniambie ni kitu kimoja.