CT scan ni safi, mbona mtoto hashiki masomo?

Mtoto alianguka, picha ikatoka safi. Si yameisha?

Hayajaisha. CT scan, yaani picha ya eksirei inayoonyesha ndani ya kichwa, hupigwa hasa kutafuta damu iliyovuja ndani ya fuvu au mfupa uliovunjika, mambo yanayoweza kutaka upasuaji usiku huohuo. Picha safi haisemi ubongo haukuumia.

Kwa nini jeraha lisionekane?

Kichwa kikitikisika kwa nguvu, nyuzi nyembamba za ubongo huvutika, nyingine hukatika. CT scan haizioni. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huona zaidi, lakini nayo haikuambii mtoto anakumbuka nini. Hilo hupimwa kwa kukaa naye mezani: taja namba hizi kinyumenyume, nirudishie hadithi niliyokusimulia.

Lakini watoto si hupona haraka?

Hapa ndipo tunapokosea kila siku. Goti lililochubuka, sawa. Ubongo, hapana. Sehemu ya mbele, inayosimamia kupanga mambo na kujizuia, hukomaa polepole mpaka mtu apite miaka 20. Aliyeumia akiwa na miaka 3 huenda akaonekana mzima, kisha akifika miaka 9 darasa linamshinda. Wakati huo ajali imeshasahaulika. Wakimleta kwangu kupimwa, nauliza, “Aliwahi kugonga kichwa?” Mama anatikisa kichwa: hapana. Bibi aliyekaa pembeni anadakia: “Na ile siku ya ngazi, alipozimia?”

Nitamjuaje?

Umemtuma vitu vitatu, kaleta kimoja. Anaanza sentensi, anaiacha njiani. Kazi ya dakika kumi inamla saa nzima, na hasira juu.

Mwalimu anasema ni mvivu, achapwe kidogo.

Asichapwe. Fimbo haiungi nyuzi za ubongo. Nawapokea watoto waliochapwa miaka miwili mizima ndipo wakaletwa, na kila mzazi ana maneno yaleyale: “Picha ilikuwa safi.” Jamani, picha safi si cheti cha kupona! Mleteni darasa linapoanza kumshinda, msingoje arudie mwaka.

Na akigonga kichwa leo?

Akitapika tena na tena, akiwa mgumu kuamka, akipata degedege, mboni za macho zikitofautiana, au maji yakimtoka puani au sikioni, ni hospitali sasa hivi, si asubuhi. Msidanganyike kwamba anaongea: damu inaweza kujikusanya taratibu huku mtoto anacheza. Na ile karatasi mtakayopewa mkiruhusiwa, itunzeni. Mwaka atakapoanza shule, mwalimu wake aione.